Sahihi ya programu: inakuambia nini kabla hujabonyeza "Ndiyo"

Ukifungua faili la kusakinisha programu kwenye kompyuta ya Windows, mara nyingi hujitokeza kisanduku kinachouliza kama unairuhusu ifanye mabadiliko. Wengi wetu hubonyeza "Ndiyo" bila kusoma. Humo kuna mstari unaomtaja mchapishaji: jina la kampuni, au maelezo kwamba hajulikani. Jina hilo linatoka kwenye sahihi ya kidijitali.

Sahihi hii si mwandiko wa kalamu. Mtengenezaji ana ufunguo wa siri, yaani namba ndefu mno aliyonayo yeye peke yake. Kwa ufunguo huo kompyuta yake hukokotoa alama inayolingana na faili lile tu. Ifikirieni kama lakiri ya sanduku la kura: mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, hesabu hazilingani tena, na kompyuta inajua lakiri imekatwa. Jina nalo huthibitishwa na kampuni zinazotoa vyeti, baada ya kukagua nyaraka za mwombaji. Tangu Juni 2023 ufunguo wa namna hii hutakiwa kutunzwa ndani ya kifaa maalumu, kwa mfano kinachofanana na flashi, ili usinakiliwe kirahisi.

Ila lakiri haisemi kwamba kilichomo ni chema. Mwaka 2017 wahalifu waliingia kwenye mitambo ya watengenezaji wa CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, wakapenyeza kirusi kabla sahihi haijawekwa. Toleo la 5.33 likatoka na sahihi halali kabisa, likafika kwa watumiaji zaidi ya milioni 2.

Na simu zetu za Android je? Huko kila programu lazima iwe na sahihi, lakini mtengenezaji anaweza kujitilia mwenyewe bila kampuni ya vyeti kumkagua. Kinga yake iko kwingine: sasisho lenye sahihi tofauti na ya programu iliyomo, simu hulikataa. Ndiyo maana tapeli anayekutumia faili WhatsApp, akidai ni toleo jipya la programu ya benki, hukuambia, "Futa kwanza ile ya zamani, hii itakubali." Ukiifuta, simu haina tena sahihi ya kulinganishia. Programu inayogusa pesa isasisheni ndani ya Play Store, si kwa faili la kutumiwa, hata kama aliyelituma ni ndugu yako.