Tiba ya Muziki na Dawa ya Mbu

Dawa ya mbu humuua mbu, lakini dawa ya meno haiyaui meno. Dawa ya kikohozi hukifukuza kikohozi, na dawa ya mitishamba hutengenezwa kwa mitishamba yenyewe. Hiyo "ya" hutumwa kila mahali, haikatai kazi. Basi mtu akinitajia "tiba ya muziki", sikio langu huuliza kwanza: muziki umekuwa ugonjwa tangu lini? Ndiyo maana napendelea "tiba kwa muziki". "Tibamuziki" nalo halina kosa, ila masikioni mwangu ni kama jina la duka la dawa.

Tuache jina, tuione kazi yenyewe. Tarehe 8 Januari 2011, mbunge wa Marekani Gabrielle Giffords alipigwa risasi ya kichwa mjini Tucson, Arizona, akikutana na wapiga kura wake. Risasi ilipita upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Alinusurika, lakini maneno yalimkimbia: anajua anachotaka kusema, neno haliji. Hiyo ndiyo afasia. Katika hospitali ya utengemao ya TIRR Memorial Hermann, mjini Houston, miongoni mwa waliomshughulikia alikuwamo mtaalamu wa tiba kwa muziki, na mtu aliyeshindwa kuunga sentensi akawa anaimba nyimbo alizozijua zamani.

Utengemao, kwa asiyelizoea, ni neno linalotumika katika huduma za afya Tanzania kwa kazi ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea, kula, kusema, kujihudumia. Limetokana na kutengemaa. Nalihesabu miongoni mwa istilahi zetu zilizofaulu, kwa kuwa halimwahidi mgonjwa kupona.

Kwamba asiyeweza kusema huweza kuimba ni habari ya kale. Mwaka 1745 Msweden Olof Dalin alieleza habari za mtu aliyepoteza usemi lakini akabaki anaimba nyimbo za kanisani. Wengi husimulia kisa cha namna hiyo wakaishia hapo, machozi yakiwalengalenga. Kazi yenyewe huanzia hapo. Mgonjwa anaweza kuimba wimbo wa utotoni kuanzia mwanzo hadi mwisho na bado asiweze kuomba maji. Wimbo ulishikwa zamani, unajiendea wenyewe; kiu ni ya leo na inataka sentensi ya leo.

Mwaka 1973 Albert, Sparks na Helm, wakiwa Boston, walieleza mbinu ya kuvuka pengo hilo. Mtaalamu huchukua kifungu kifupi chenye matumizi, tuseme "nataka maji", akakitamka kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, silabi yenye mkazo ikipanda. Wakati huohuo mkono wa kushoto wa mgonjwa hugongeshwa taratibu, silabi kwa silabi. Mwanzoni hutamka pamoja. Kisha mtaalamu hufifia, mgonjwa akaendelea. Baadaye tuni yenyewe hupunguzwa kidogo kidogo, hadi mgonjwa ajibu swali kwa sauti ya mazungumzo.

Waingereza na Wamarekani wanaiita mbinu hiyo kwa jina refu lenye harufu ya maabara. Sisi tuna kitenzi: kughani. Anayeghani shairi haimbi hasa, wala hasemi hasa. Yuko kwenye kivuko kati ya viwili hivyo, na hapo ndipo mgonjwa wa afasia anapotakiwa kusimamishwa kabla ya kuvushwa. Tena mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kuhama. "Nataka maji" inajighani yenyewe. Tiba kwa kughani, basi. Sioni sababu ya kutafuta zaidi.

Watafiti bado wanabishana kama kinachosaidia ni tuni, mdundo, au mazoea ya kifungu. Ubishi huo si wa kupuuzwa, kwani ndio unaoamua nini kipunguzwe kwanza. Wala sauti si kitu cha kumwagiwa kila mtu. Ubongo uliojeruhiwa juzi huzidiwa na kelele upesi, na wako watu wachache ambao muziki wenyewe huwaamshia kifafa. Mpiga gitaa mwema anayezunguka wodini Jumapili hawezi kulaumiwa kwa kutojua hayo. Mwenye leseni hulaumika.

Nchini Uingereza jina lenyewe la mtaalamu wa tiba kwa muziki linalindwa na sheria: asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo. Marekani wana tabaka mbili. Cheti hutolewa na bodi ya taaluma iliyoanzishwa mwaka 1983, baada ya shahada, mafunzo ya vitendo ya saa 1,200 na mtihani. Leseni ni ya jimbo, na si kila jimbo linayo. North Dakota ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kuwa nayo, mwaka 2011. Cheti husema umesoma. Leseni husema ukiharibu, kuna wa kukuuliza.

Asije mtu akadai hayo ni mageni kwetu. Katika ngoma za pepo za pwani, mganga hakuwa yeyote mwenye ngoma. Alikuwa amekaa chini ya mwingine hadi akapewa mkoba wa uganga, na aliyekuwa mikononi mwake aliitwa mteja, muda mrefu kabla neno hilo halijahamia dukani na kwenye simu. Sisemi pepo na afasia ni kitu kimoja. Nasema ukoo wa kazi ulikuwapo, pamoja na mamlaka yake.

Kinachonisumbua zaidi ni utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2008, ulioongozwa na Teppo Särkämö. Wagonjwa wa kiharusi waliosikiliza kila siku muziki waliouchagua wenyewe walipata nafuu kubwa zaidi ya kumbukumbu ya maneno na ya umakini kuliko waliosikiliza vitabu vya sauti. Hiyo siiiti tiba kwa muziki, maana hakuna anayekaa mbele ya mgonjwa kupima, kupunguza na kuongeza. Naiita kusikiliza, na ningependa kila mgonjwa wa kiharusi apate muziki anaouchagua mwenyewe.