Kung'arisha meno nyumbani bila ganzi

Eastlands, Nairobi, mfereji ukikauka watu hununua maji ya kisima. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi. Mtoto aliyeyanywa tangu udogoni humwota meno yenye madoa ya kahawia. Ukubwani hununua jeli ya kung'arisha, meno yakashikwa na ganzi.

Sababu ni peroksaidi, hupenya gamba la jino hadi kwenye neva. Wiki 2 kabla, pigia mswaki dawa ya meno yenye potasiamu naitreti. Chagua jeli hafifu, kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10. Paka leo, kesho pumzika. Epuka ndimu na vinywaji baridi.

Doa la floraidi limo ndani ya jino, halitoki kwa kuzidisha jeli. Likiuma jino moja tu, acha, mwone daktari: huenda limetoboka.