Mipaka ya Namba na Gharama ya Biti

Programu nyingi huipa kila namba kamili biti 32, hata namba ya mwezi ambayo haivuki 12 na ingetoshwa na biti 4. Mtumaji na mpokeaji wakishaijua mipaka ya namba, kuna sehemu ya taarifa ambayo haina haja ya kusafirishwa. Mfano mzuri ni AIS, mfumo ambao meli hutumia kutangaziana mahali zilipo. Latitudo hupimwa kwa sehemu moja ya 10,000 ya dakika, kwa hiyo kutoka ncha hadi ncha ya dunia kuna thamani 108,000,001. Biti 27 hubeba 134,217,728, na ziada haikuachwa bure: digrii 91, mahali pasipokuwapo duniani, humaanisha kwamba latitudo haijulikani. Ripoti nzima ya mahali huishia biti 168, ikaingia katika nafasi moja ya redio yenye biti 256. Kwa kuwa ina sehemu zaidi ya kumi, kuipa kila moja biti 32 kungeivusha nafasi hiyo. Usimbaji wa Protocol Buffers, ambao hurefusha namba kadiri inavyokua, hautoi unafuu huo: 200 hula baiti mbili, ingawa namba isiyovuka 255 hutoshwa na moja.

Anayepinga ataitaja GPS, na ana haki. Wiki zake, zilizoanza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980, zilipewa biti 10. Baada ya wiki 1,024 hesabu ikarudi sifuri, Agosti 1999 na tena Aprili 2019. Lakini tukio hilo halihukumu ubanaji wote. Latitudo hukomea 90 kwa sababu ya umbo la dunia, ilhali wiki hazikomi. Kikomo cha 1,023 kiliwekwa na wasanifu, hakikutoka katika kitu kinachohesabiwa. Ujumbe mpya wa GPS una biti 13 za wiki, yaani miaka kama 157, na bado ni kikomo cha kukadiria. Kwa mipaka ya aina hii kanuni za usimbaji za PER za ASN.1, zinazotumika katika mitandao ya simu, zina njia ya busara zaidi: msanifu akitangaza kwamba mipaka yaweza kupanuliwa, hulipa biti moja ya kueleza kama thamani imo ndani au imetoka nje.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa nini tuhangaike wakati programu za kubana faili zipo? Kwa faili kubwa lililo kwenye diski, nakubali. Biti 32 ziachwe zilivyo, msomaji wa data apate wepesi. Ila programu hizo hutegemea marudio, na ujumbe wa biti 168 unaosafiri peke yake hauna marudio ya kutosha.