Noeli Ilitoka Wapi, na Mtu Alitoka Wapi?



Dominika moja ya Majilio, baada ya Misa, kijana wa shule ya sekondari alituuliza swali mbele ya watu wote. Alisema: «Mwalimu, tumesoma kwamba tarehe 25 Desemba ilikuwa siku kuu ya wapagani walioabudu jua. Tena tumesoma kwamba mtu alitoka katika wanyama. Mambo haya yakiwa kweli, sisi tunapiga magoti mbele ya nini?»

Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja alisimama kwa hasira. Alisema: «Zamani Wazungu walituita makake. Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu nilipokuwa mtoto. Leo wajukuu wetu wanafundishwa neno lilelile shuleni, nawe mwalimu unanyamaza?»

Siku ile hatukujibu mengi. Swali la kijana na uchungu wa mzee vilistahili jibu lililofikiriwa vema. Jibu lenyewe ni hili.

Siku ya Noeli

Tukubali kwanza jambo moja pasipo kuogopa: Injili haitaji siku wala mwezi wa kuzaliwa kwa Yezu. Wakristu wa kwanza waliadhimisha hasa kufa na kufufuka kwake. Karibu mwaka 200, Klementi wa Aleksandria aliandika kwamba wako waliohesabu kuzaliwa kwake katika mwezi wa Mei. Tarehe 25 Desemba twaiona wazi katika kitabu cha kalenda kilichoandikwa Roma mwaka 354. Na katika kitabu hichohicho, siku hiyohiyo, yatajwa pia siku kuu ya kuzaliwa kwa «Asiyeshindwa», ndilo jua la wapagani.

Sisi tunaokaa karibu na ikweta hatuelewi upesi kwa nini watu walihangaikia jua la Desemba. Kwetu mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Lakini Roma mchana wa Juni wafika saa 15, na ule wa Desemba ni saa 9 tu. Baridi yaingia, miti yapoteza majani, na shamba halitoi kitu. Kisha jua laanza kurudi kidogo kidogo, na watu wafurahi. Katika kalenda ya kale ya Waroma, siku ya jua kugeuka ilihesabiwa kuwa tarehe 25 Desemba. Mwaka 274 Kaisari Aurelianus aliweka wakfu hekalu la Jua Lisiloshindwa mjini Roma. Tena, tangu tarehe 17 Desemba, Waroma walikuwa na siku kuu ya mungu wao Saturnus: walipeana mishumaa na zawadi ndogo, na mabwana waliwaandalia watumwa wao chakula.

Je, Kanisa lilichukua siku ya jua ili kumtangaza Kristu aliye jua la kweli? Wataalamu wengi wamesema hivyo. Wengine wanaonyesha njia nyingine. Tangu wakati wa Tertulianus, karibu mwaka 200, wako Wakristu waliohesabu kwamba Bwana alikufa tarehe 25 Machi. Baadaye ikasemwa kwamba alichukuliwa mimba siku ileile. Hesabu miezi tisa kutoka hapo, utafika tarehe 25 Desemba. Mabishano hayo hayajaisha.

Jambo lililo hakika ni kwamba siku kuu hii ilienea polepole. Mwaka 386 Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwaambia Wakristu wa Antiokia kwamba kwao haijatimiza miaka kumi tangu ijulikane. Nao Waarmenia wa Kanisa lao la kale, hata leo, waadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 6 Januari.

Pango, mti na zawadi

Desturi nyingine zilikuja baadaye, kila moja kwa njia yake. Mwaka 1223, kule Greccio katika Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza hori lenye majani makavu, akaleta ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho umaskini wa Mtoto Yezu.

Mti wa sapini ulitoka nchi za Wajerumani. Habari ya mwaka 1605 yasimulia namna watu wa Strasbourg walivyoiweka miti hiyo nyumbani, wakaipamba kwa mawaridi ya karatasi na matofaa. Kwa nini matofaa? Tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Eva, na katika michezo ya siku hiyo mti wenye matofaa ulikuwa mti wa Paradizo. Katika uwanja wa Mtakatifu Petro kule Roma, mti wa Noeli ulisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1982 tu, wakati wa Papa Yohane Paulo wa Pili.

Zawadi za watoto zamtaja Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira, ambaye mifupa yake ilipelekwa Bari mwaka 1087. Wabelgiji waadhimisha siku yake tarehe 6 Desemba, nao ndio walioileta desturi hiyo kwetu Kongo.

Wako waliotaka kuikata Noeli yote kwa sababu ya upagani. Bunge la Uingereza liliikataza mwaka 1647. Huko Amerika, katika koloni la Massachusetts, sheria ya mwaka 1659 ilimtoza faini ya shilingi tano aliyeonekana akiifanya siku kuu. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1681.

Kanisa lilikuwa limechagua njia nyingine zamani. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu aliagiza kwamba kule Uingereza mahekalu yasibomolewe. Sanamu za miungu ziondolewe, nyumba zinyunyiziwe maji ya baraka, na watu waendelee kukusanyika na kula pamoja, lakini sasa wakimshukuru Mungu wa kweli.

Habari ya viumbe

Tuje sasa kwa uchungu wa mzee wetu. Mwaka 1859 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe. Maneno yake makubwa ni matatu. Watoto wa kiumbe hawafanani wote. Tofauti nyingi zarithiwa. Nao si wote wanaoishi hadi kuzaa: mwenye tofauti inayomfaa mahali anapokaa huacha watoto wengi zaidi. Miaka mingi sana ikipita, ukoo wageuka. Namna tofauti zinavyorithiwa ilionyeshwa na mtawa Mkatoliki, Gregor Mendel, aliyehesabu mimea ya mbaazi katika bustani ya monasteri yake, akachapisha kazi yake mwaka 1866.

Mifano iko kwetu. Okapi wa msitu wa Ituri ana miguu yenye milia kama punda milia, lakini ndugu yake wa karibu ni twiga: wote wawili walitoka kwa babu mmoja. Bonobo apatikana katika nchi yetu tu, kusini ya mto Kongo, na binamu yake sokwe akaa ng'ambo ya pili. Tena iko drepanositoze, ambayo wengi waiita SS. Mtoto akiirithi kwa baba na mama pia, ni mgonjwa. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, malaria kali haimshindi kwa urahisi. Kwa hiyo, penye mbu wengi, urithi huo haukupotea. Ni huzuni kwa jamaa nyingi, lakini yatuonyesha kwamba mambo haya si hadithi za mbali.

Na mtu? Elimu haisemi kwamba tulizaliwa na nyani wa leo. Yasema kwamba ukoo wetu na ukoo wa sokwe na bonobo ulikuwa mmoja, ukaachana miaka milioni kadhaa iliyopita. Yasema pia kwamba watu wote wa leo ni jamii moja iliyoanza hapa Afrika. Mifupa ya kale sana ya jamii hiyo, ya miaka 300.000 hivi, ilipatikana Jebel Irhoud katika Moroko. Basi baba, aliyekuita makake alikosa mara mbili: alikosa mbele ya Mungu, na alikosa mbele ya elimu. Asili yake na yako ni moja.

Kanisa nalo limesema. Mwaka 1950 Papa Pio wa Kumi na Mbili alifundisha kwamba si marufuku kuchunguza kama mwili wa mtu ulitoka katika kiumbe kilichotangulia, lakini roho yaumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema kwamba mageuko ya viumbe si dhana tu tena.

Mzigo mmoja

Swali la kijana na hasira ya mzee zabeba kosa moja: kudhani kwamba kitu kilichotoka chini chabaki chini. Kitabu cha Mwanzo chasema Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi ya nchi. Mavumbi ni duni kuliko mnyama yeyote, na Mungu hakuyaonea haya. Mwana wake hakuonea haya hori la ng'ombe. Kwa nini angeonea haya tarehe iliyopendwa na wapagani?

Hata sisi tunalijua jambo hili. Tangu mwaka 1988 tunayo Misa ya majimbo ya nchi yetu, iliyokubaliwa na Roma, na ndani yake twawaita pia wahenga wetu wema. Ngoma zilizokatazwa mababu zetu leo zaimba Utukufu. Mzee wetu mwenyewe ndiye wa kwanza kucheza.

Tulimweleza hayo barazani pake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema juu ya bonobo bado atafikiri. Lakini alimtuma mjukuu wake kukata mitete ya kujengea pango, na kijana aliyeuliza swali ndiye aliyekanda udongo. Tuwaache vijana waulize, wapenzi wasomaji. Kijana asiyejibiwa kanisani atatafuta jibu mahali pengine.