Modeli ya Kidijitali ya Jengo katika Mkataba

Modeli ya kidijitali ya jengo ni faili ya pande tatu ambayo, ikitajwa katika mkataba, msanifu au mhandisi hana budi kuikabidhi kwa mwenye mradi kama anavyokabidhi michoro. Kila kipande hubeba taarifa zake: ukibofya nondo moja, unaona kipenyo, urefu na mahali inapokaa.

Mkataba hueleza nani anatengeneza sehemu ipi, kwa undani gani na lini. Muhimu zaidi, hueleza kipi kinafuatwa pale modeli na mchoro vinapopingana. Kifungu hicho kikikosekana, fundi hubaki njia panda. Ili faili isomeke katika programu mbalimbali, hutumika muundo wa IFC, uliotangazwa kuwa kiwango cha kimataifa ISO 16739 mwaka 2013.

Uingereza ilianza kudai modeli katika miradi ya serikali kuu Aprili 2016. Nchini Norwei, daraja la Randselva, lenye urefu wa mita 634, lilijengwa pasipo michoro ya karatasi: vipimo vilisomwa moja kwa moja kwenye modeli, nayo ikawa ndiyo hati ya ujenzi.