Usafirishaji Elekezi wa Auksini

Mkulima wa muhogo anapochomeka pingili huhakikisha macho yake yanatazama juu. Ikipinduliwa si lazima ife, ila huchelewa kuchipua, na mizizi yake huendelea kuupendelea ule upande uliokuwa wa chini ilipokuwa bado shinani. Mwaka 1878 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Hermann Vöchting, aliandika habari za jaribio la namna hiyo kwa vipande vya mierebi. Alivitundika kichwa chini miguu juu, na mizizi ikatokeza kwenye mwisho uleule wa asili, ingawa sasa ulielekea angani. Kipande cha shina, kumbe, kina juu na chini yake hata kikigeuzwa.

Habari hiyo ya juu na chini inategemea sana homoni iitwayo auksini, ambayo hupita seli hadi seli ikifuata upande mmoja. Mwenendo huo, uitwao kwa Kiingereza “polar auxin transport”, ndio tunaoutafutia istilahi.

Tuanze na homoni yenyewe. Jina la auksini lilitungwa mwaka 1931 na Kögl na Haagen-Smit kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukua. Mfasiri mwenye pupa angeweza kuandika “kikuzi”. Nisingemshauri. Shinani auksini huzirefusha seli kweli, lakini mzizini kiwango kama hicho huzizuia zisirefuke. Mwanafunzi akisoma kwamba kikuzi kimedumaza mzizi, atadhani kitabu kimekosewa. Auksini na ibaki auksini.

Je, ni usafiri au usafirishaji? Hapa viambishi vyetu vina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Anayesafiri huenda mwenyewe; anayesafirishwa ana wa kumpeleka. Auksini kuu ya mimea, asidi ya indoli-asetiki, hufanya yote mawili. Ni asidi dhaifu. Kwenye ukuta wa seli, ambako pH ni kama 5.5, molekuli takribani 15 katika kila 100 bado zina protoni yake, hazina chaji, na zinaweza kupenya utando zenyewe. Ndani ya seli pH hukaribia 7. Huko karibu zote hupoteza protoni na kubaki na chaji hasi, na chenye chaji hakipenyi mafuta ya utando. Auksini imekuwa samaki aliyeingia demani.

Hoja hiyo ilitolewa na Rubery na Sheldrake mwaka 1974, kisha na Raven mwaka 1975, na sehemu yake nzuri zaidi ni hitimisho lake. Ikiwa auksini haiwezi kutoka ila kwa kutolewa na protini maalumu, na protini hizo zikawekwa upande mmoja tu wa kila seli, basi safu nzima ya seli itaipeleka homoni upande huo, kwa mwendo wa kama sentimita 1 kwa saa. Kuingia basi ni usafiri, kutoka ni usafirishaji. Mpaka huo si safi kabisa, kwa kuwa zipo pia protini za kuingizia, AUX1 ikiwa mashuhuri kati yao. Lakini mwelekeo huamuliwa hasa penye kutoka, kwa hiyo “usafirishaji” ndilo neno.

Protini za kutolea ziliwekwa bayana mwaka 1998, kupitia mmea mdogo wa jamii ya kabichi uitwao Arabidopsis thaliana. Mmea huo ulipokuwa na kasoro katika jeni moja, shina lake lilibaki tupu bila maua, mithili ya pini, na ndipo protini zikaitwa PIN. Kwa mara moja tumepata jina la maabara lisilohitaji tafsiri.

Ugumu uko kwenye kivumishi, yaani ile “polar” ya Kiingereza. Wakemia husema “polari” wanapozungumzia molekuli kama ya maji, na hiyo ni habari nyingine kabisa. “Ncha” inatosha kwa sumaku na kwa dunia, lakini “usafirishaji wa ncha” katika makala ya mizizi utaeleweka kuwa ni wa ncha ya mzizi. “Elekevu” nalo lina mwenyewe: ni mtu mwepesi wa kuelewa. Mimi nachagua “elekezi”, lile la bei elekezi. Najua pingamizi litakalokuja, kwamba elekezi ni kile kionyeshacho njia, si kile kinachofuata njia. Mzizi unalijibu vizuri.

Auksini hushuka kupitia katikati ya mzizi hadi nchani, kisha hugeuka na kupanda kupitia tabaka za nje, PIN2 ikiipeleka hadi kwenye seli zinazorefuka. Mzizi ukilazwa, chembe za wanga zilizomo katika seli za kofia yake huangukia upande mpya wa chini, na ndani ya dakika chache PIN3 huhamia huko. Auksini huzidi upande wa chini, seli za upande huo hupunguza kurefuka, za juu huendelea, na mzizi hujipinda kuelekea ardhini. Mkondo wenyewe ndio unaouonyesha mzizi njia.

Wala mwelekeo haukuwekwa mara moja ukaachwa. PIN humezwa ndani ya seli na kurudishwa utandoni kila mara. Kimeng’enya PINOID huzipachika fosfeti, kingine huzibandua, na mizani ya kazi hizo mbili huchangia kuamua zitakaa mwisho upi wa seli. PINOID ikizidishwa, PIN hugeukia mwisho wa pili, auksini hukauka nchani, tishu inayozalisha seli mpya husambaratika, na mzizi mkuu hukoma kukua.

Udongo nao una usemi wake. NRT1.1 ilijulikana kwa miaka mingi kama protini ya kusafirisha nitreti, hadi ilipoonyeshwa mwaka 2010 kwamba husafirisha na auksini pia. Nitreti ikiadimika, huiondoa auksini kwenye mizizi michanga ya pembeni, nayo hudumaa. Nitreti ikipatikana, uondoaji huo hupungua, auksini hukusanyika na mizizi hiyo hurefuka. Kwa sababu hiyo nisingeifasiri kuwa “kisafirisha-nitreti”. Jina hilo lingetaja mzigo mmoja na kuuficha ule unaoamua urefu wa mzizi, kwa hiyo ningeandika NRT1.1 na kueleza kazi zake zote mbili.