Herufi Iliyokatika Mkia

Nilianza kazi ya kupiga chapa Ukunda mwaka 1989, kwa taipureta moja na meza ya kuazima. Kila mashine ina kovu lake. Yangu ilikata mkia wa herufi "g", na barua iliyotoka kwangu ningeitambua hata ikirudi kutoka Lungalunga.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Polisi 6 waliuawa, bunduki zikaibwa. Wavamizi, waliokuwa na maficho yao katika msitu wa Kaya Bombo, wakaeneza moto huku kwetu Kwale. Vikaratasi vilisambazwa: wabara waondoke. Nilicholetewa dukani nilikikagua herufi kwa herufi. "g" yake ilikuwa nzima. Nikashusha pumzi, kisha nikaona haya, maana jirani yangu fundi cherehani, Mkamba, alikuwa anafunga mizigo. Watu zaidi ya 100 walikufa, maelfu wakakimbia, na uchaguzi wa Desemba ukafanyika wengi wao hawapo. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza. Ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002.

Uchaguzi wa mwaka 2017 ulipokaribia, zikaja video zilizojifanya habari za BBC na CNN. Mashirika hayo yakazikana.

Majuzi mjukuu wangu alinisikilizisha sauti kwenye simu: mzee anawachochea Wadigo wawatimue wageni. Ni kazi ya akili unde. Hapo hapana mkia wa kutafuta. Kilichoifichua ni neno moja tu: ilipotaka kusema "dzina" ilitamka "zina". Mdigo hakosei hapo, ila kesho mashine itakuwa imejifunza.

Mashine hizohizo huweza kugundua ujumbe mmoja uliotumwa na akaunti mia kwa dakika moja, jambo ambalo jicho langu haliwezi. Lakini zimelishwa Kiingereza zaidi. "Wabara" kwao ni watu wanaotoka bara, basi. Sisi tuliokuwako tunajua neno hilo lilivyotiwa sumu.

Nawe kijana wa Diani au Msambweni, ukiletewa sauti ya namna hiyo kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, usiitume. Mpelekee kwanza mtu mzima aliyeuona mwaka 1997, akae nawe aisikilize.